Kimya cha Siku ya Msaragambo

Wanaosema mgeni njoo mwenyeji apone hawajawahi kuuguza mtu Vudee. Tangu Nathanaeli aanguke kwa kiharusi, wiki ya kumi na moja sasa, nyumba yake haikukosa mgeni hata saa moja ya mchana. Waliingia umande haujakauka, wakasema pole, wakapewa viti, wakapewa chai, wakamtazama mgonjwa na kutikisa vichwa, na kabla hawajanyanyuka wengine walikuwa wameshafika kwenye migomba wakikohoa ili wasikike. Mkewe Rogathe aliwapokea wote. Mke asiyewapokea waliokuja kuona mgonjwa, heri angeugua yeye.

Wengi walidhani ugonjwa umemchukua Nathanaeli na masikio. Mzee mmoja alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akapuliza chai, akawaambia wenzake kwamba huyu Krismasi haioni. Nathanaeli alimtazama tu. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, na mguu wa kulia vilevile, na ulimi ulikuwa mzito hata maneno yakatoka moja moja, mengine yasitoke kabisa. Lakini akili ilikuwa palepale. Alikuwa fundi wa kujenga kuta za mawe za kuzuia udongo mashambani, mtu wa miaka sitini na sita aliyeimba besi katika kwaya ya mtaa wa Kilutheri tangu ujana wake, na alisikia kila kitu.

Rogathe naye alikuwa na njaa asiyoweza kumweleza mtu. Alitaka kukaa peke yake.

Nyimbo zote ambazo kwaya ya mtaa ule iliwahi kushinda nazo zilikuwa zake. Hakujua nota, elimu yake ilikuwa darasa la saba, na hata kuandika maneno aliona uvivu. Alichokuwa nacho ni ukuta mmoja wa mawe nyuma ya nyumba, aliojengewa na mumewe, na Jumatano mchana. Siku hiyo alikaa juu ya ukuta, mgongo akiipa nyumba na uso akilipa bonde, akanyamaza mpaka wimbo uje au usije. Akija mtu kumtafuta, Nathanaeli alimjibu mlangoni kwa uso mkavu kwamba Mama Careen hayupo, na mgongo wa Mama Careen unaonekana pale na kila mwenye macho. Watu walicheka, wakaondoka.

Walicheka, lakini hawakupenda. Huku kwetu mwanamke akikaa, mikono ina kazi. Anachambua maharage, anamenya ndizi, anafuma kitambaa. Kukaa na mikono mitupu ni ugonjwa au ni kiburi, na Rogathe hakuwa mgonjwa. Walimvumilia kwa sababu ya nyimbo, na kwa sababu mwenye mke mwenyewe hakulalamika.

Sasa mwenye mke alikuwa kitandani, na Jumatano ilikuwa imekufa pamoja na mkono wake. Dada yake Nathanaeli, Esta, alihamia kwao siku ileile ya kiharusi. Mchana aliwapanga wageni na usiku alilala chumba kimoja na wifi yake, akimsimulia magonjwa ya ukoo mzima tangu enzi za babu. Alikuwa mtu mwema. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake, maana mtu mwema huwezi kumwambia aondoke.

Siku moja akaja Mwalimu Anderson, kiongozi wa kwaya, kijana wa makamo anayefundisha shule ya msingi. Alimsalimia mgonjwa, akanywa chai yake yote kwa adabu, ndipo akamfuata Rogathe jikoni. Mtaa, lile kanisa lao dogo, ulikuwa unatimiza miaka tisini. Kwaya sita za jirani zingekuja, kila moja na wimbo wake mpya, na wenyeji walikuwa hawana hata kiitikio.

"Mama, sikuja kukusukuma," alisema. "Ila zimebaki wiki tano."

"Najua, mwalimu."

"Hata ubeti mmoja. Nyingine tutajazia."

"Wimbo si makande, kwamba yakipungua unaongeza maji." Rogathe alifuta mikono kwenye kanga. "Nitafutie siku moja isiyo na mtu humu ndani. Moja tu."

Anderson alicheka, akidhani anataniwa. Kwenye ukumbi wageni wanane walikuwa wakiuliza sukari imewekwa wapi.

 

Siku hiyo haikutafutwa na Anderson. Ililetwa na tope.

Mvua zilikuwa zimeshusha udongo mwingi kwenye ndiva, lile bwawa la juu linalogawia mashamba maji kwa zamu, na wazee wakatangaza msaragambo siku ya Jumamosi. Pembe ya msaragambo ikilia hakuna wa kusema ana shughuli. Kila mwenye nguvu hutoka na jembe lake, na asiyetoka hutozwa faini, na faini huisha lakini jina lake hubaki midomoni mwa watu mwaka mzima. Husamehewa mjamzito wa siku zake, mzee asiyejiweza, na mtu mmoja katika kila nyumba yenye mgonjwa.

Esta alisema yeye ndiye atakayekwenda. Rogathe akaitikia kwamba ni sawa, akaendelea kuchambua mchele, na ilimchukua muda kidogo kuelewa alichoitikia. Kama watu wote wanakwenda kwenye ndiva, basi hakuna wa kuja kusema pole. Asubuhi nzima. Alipiga hesabu ya saa zile mara mbili, kama mtoto anayehesabu siku za sikukuu, kisha akaona haya, akainamia mchele. Mumewe alikuwa nusu maiti chumba cha pili, na yeye moyo ulikuwa unamruka kwa furaha.

Jumamosi pembe ililia jua halijachomoza vizuri. Wakapita wenye majembe, wenye sururu, wenye karai kichwani. Esta alitoka wa mwisho, akarudi kufuata kitambaa cha kichwa, akarudi tena kusema uji usiwe mzito. Kufika saa mbili kitongoji chote kilikuwa juu, mwendo wa nusu saa, na kuku wa jirani wakawa ndio watu pekee waliobaki.

Rogathe alimwogesha mumewe, akamlisha, akamwegemeza kwenye mito na kumfungulia dirisha la nyuma aone shamba. Beseni la haja alilisuuza, akaliegemeza mlangoni likauke. Hilo beseni lilikuwa siri yao wawili. Nathanaeli hakukubali dada yake aliguse wala binti yake alione. Angejizuia mpaka jasho limtoke, amsubiri mkewe. Kazi ilipokwisha, Rogathe alisimama katikati ya chumba asijue mikono aiweke wapi.

Nathanaeli akaonyesha dirisha kwa kidevu.

"Nenda," alisema. Neno la pili lilichelewa, akalitafuta, akalipata. "Kaa."

Rogathe alimwekea fimbo kando ya mkono mzima, akamwambia akitaka kitu chochote agonge dirisha, hata kidogo, yeye yuko pale ukutani, hatua thelathini tu. Nathanaeli alikubali kwa macho. Rogathe akatoka, mbiombio kama anayeogopa kuitwa.

Kukaa si rahisi kama wanavyodhani wasiokaa. Mwanzoni kichwa chake kilijaa vikombe, na pole, na sauti ya Esta ikisimulia pumu ya shangazi. Hakupigana nazo. Alikwisha jifunza kuziacha zipite kama watu wasiokufahamu wanavyopita njiani. Alitazama ukungu uliolala bondeni na kuificha Same yote na barabara yake. Alitazama jiwe moja karibu na goti lake, lililoota kuvu ya kijani, akalitazama mpaka likaacha kuwa na jina. Pumzi ikashuka. Ikafika mahali hakuna mgonjwa, hakuna wageni, hakuna hata Rogathe, na hapo akahisi kama mtu aliyerudi kwao baada ya kukaa sana kwa watu.

Na wimbo ukaja. Ulianza na sauti ya pili, kama zilivyoanza nyimbo zake zote, na maneno yalikuja yamevaa tuni yao:

Mlima ulikuwa jiwe,
ukatugawia udongo kiganjani;
kidogo hicho kikatosha,
kikatosha na wageni.

Kiganja chake kikaanza kupiga goti, taratibu. Beti tatu zilikuja, na kiitikio kilichopanda pale ambapo nyimbo zake hazikuwahi kupanda. Alijua. Mtunzi huwa anajua. Katika miaka yake yote ya kukaa, hakuwahi kupewa kitu kama hiki. Besi aliiacha wazi, kwa kuwa besi alikuwa akiitafuta Nathanaeli mwenyewe. Jioni ya kila Jumatano Rogathe alimwimbia mara mbili, na mzee akaingia chini yake akiguna hadi wimbo ukasimama. Wimbo ambao haukuimbwa siku uliyozaliwa uliondoka usiku, asubuhi haukumbukwi.

Aliponyanyuka jua lilikuwa utosini. Alirudi ndani akiuimba kwa midomo iliyofumba ili usimponyoke, na alikuwa na furaha, hilo tuliseme wazi. Atamwimbia sasa hivi. Hata kama sauti yake imekufa, besi ataipata kwa vidole.

Nathanaeli alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango. Alikuwa ameangukia upande uliokufa, na mguu ulilala vibaya, unyayo ukitazama kusikotazamwa na unyayo. Nguo zilikuwa zimelowa. Mkono wa kushoto ulinyooshwa kuelekea beseni, na ulikuwa umebakiza shibiri moja tu. Hakuwa akilia. Alimwinulia macho, na Rogathe akayasoma macho yale kuwa ni lawama.

Alipiga yowe. Yowe kama lile huku kwetu huleta watu kabla mpigaji hajavuta pumzi ya pili, lakini siku ile halikumleta mtu. Ikabidi amwache palepale, akimbie nusu saa ya mlima kwenda kuwaita.

Walikuja wana tope mpaka magotini. Wanaume wakafunga blanketi kwenye miti miwili, ikawa machela. Esta alipiga magoti karibu na kaka yake, akaona nguo zilivyolowa na zilivyoanza kukauka pembeni, akaelewa kwamba amelala pale kwa muda mrefu.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya nyumba."

"Unafanya nini?"

Angeweza kusema alikwenda kuni. Angeweza kusema tumbo lilimkata. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, na kila mmoja angeipokea sababu yoyote kwa moyo mweupe.

"Nilikaa," alisema Rogathe.

"Ulikaa na nani?"

"Peke yangu."

"Nakuuliza ulikuwa unafanya nini."

"Nilikaa tu, wifi."

Esta alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Wanaume wakainua machela.

 

Neno lile lilifika Same kabla ya machela. Alikaa. Waliokuwa mlangoni waliwaambia wasiokuwepo, na hao wakawaambia wa gulioni, na kila aliyelipokea aliuliza swali la Esta na kukosa jibu. Mume kaanguka, kajilowesha, kalala sakafuni, mke yuko hatua thelathini, na hafui, halimi, halali usingizi. Kakaa. Kama angekutwa na mwanamume mwingine wangemlaani, lakini wangemwelewa.

Hospitalini daktari alisema nyonga imevunjika. Kuirekebisha ni lazima apelekwe Moshi kwa upasuaji, na kwa presha aliyonayo, na kiharusi kile, hawezi kuahidi kwamba atashuka mezani akiwa hai. Wazee wa ukoo walikaa kikao nje ya wodi. Rogathe aliitwa mwishoni, akaambiwa walichoamua, kwamba mzee arudishwe nyumbani alale. Hakuulizwa lolote. Mmoja wao alimwambia ajitahidi sasa, kwa sauti ya upole iliyomuumiza zaidi ya kofi.

Wimbo aliubeba muda wote huo. Ulikuwepo kwenye gari, ukipiga chini ya milio ya injini. Ulikuwepo alipokuwa akitaja jina la mgonjwa dirishani. Mara moja, kwenye benchi la wodi, alijikuta midomo imeanza kucheza, akaiuma. Angeimba vipi pale? Usiku wa kwanza kiitikio kikaondoka. Siku ya tatu akautafuta ubeti wa pili, akakuta mahali pake pamejaa harufu ya dawa. Mpaka wanarudi Vudee ulibaki mstari mmoja, wa mlima na jiwe, na huo haukuwa na tuni tena.

Careen, binti yao wa pekee anayeuza kwenye duka la vipodozi Same mjini, alipanda nao na kukaa wiki nzima. Siku tatu hakumsemesha mama yake ila kwa mambo ya chumvi na kuni. Siku ya nne alimfuata bombani, akasimama na ndoo yake tupu.

"Mama, sema ulilala."

"Sikulala."

"Najua. Nakwambia sema hivyo. Mtu akiuguza huchoka, anapitiwa na usingizi, kila mtu ataelewa. Dukani wateja wananiuliza, mimi niwajibu nini?"

"Wajibu nilikaa."

"Ulikuwa unatunga?"

Rogathe aliitazama ndoo ikijaa. Akajibu kwamba ndiyo, alikuwa anatunga.

"Basi ndiyo kabisa usimwambie mtu," alisema Careen, akajitwisha maji na kuondoka. Hakuwa na hasira tena, na mama yake alitamani angekuwa nayo.

Nyumba ikajaa upya, safari hii maradufu. Ila sasa wageni walimpa pole Esta. Esta ndiye aliyekaa kichwani pa mgonjwa, ndiye aliyeshika kijiko, ndiye aliyejua dawa ya saa ngapi. Rogathe alirudishwa jikoni kwake kama msichana wa kazi, na akiingia na chupa ya chai wanawake walisogeza miguu apite, wakasubiri atoke ndipo waendelee. Beseni nalo lilichukuliwa. Mara ya kwanza Esta alipoliweka chini ya shuka, Nathanaeli alilia kwa sauti, sauti ya ajabu isiyo na maneno, na dada yake akawaeleza waliokuwepo kwamba ni maumivu ya nyonga. Rogathe alisikia toka jikoni. Alijua ni maumivu ya nini, na hakwenda, kwa kuwa hakujiona tena ana haki ya kwenda.

Anderson alikuja mara moja. Hakuingia jikoni safari hii. Alisimama nje ya mlango, akizungusha kofia.

"Nimekuja kukutoa wasiwasi, mama. Kuhusu ule wimbo. Tumepata mwingine, wa kwaya moja ya kule Moshi, tumeunakili kutoka kwenye simu."

"Wa watu."

"Wa watu, ndiyo." Akaitazama kofia. "Akina mama wa sauti ya kwanza walisema usisumbuliwe. Walisema hata kama wimbo ungekuwepo, wa siku ile... Wangeona vigumu kuuimba."

Rogathe alimshukuru. Alimwambia hata hivyo haukuwepo.

 

Jumapili ya miaka tisini ilipofika, Nathanaeli alikuwa na vidonda mgongoni na homa isiyoshuka. Kila mtu alijua mambo yanaelekea wapi, na la kuvunda halina ubani. Esta alikuwa mkuu wa mapishi ya sikukuu, masufuria kumi na mawili ya pilau, hakuwa na namna ya kubaki. Alizunguka chumbani mara nyingi kabla ya kutoka. Mlangoni akasimama.

"Leo usikae, wifi," alisema, wala hakusema kwa ubaya.

Wakabaki wawili. Rogathe alivuta kigoda karibu na kitanda kiasi kwamba goti lake liligusa godoro, akaweka mikono mapajani. Dirisha la nyuma alilifunga. Nje kulikuwa kimya kama siku ya msaragambo, na kimya hicho hakikumpa kitu. Alikuwa akikisikiliza kama mtu anayesubiri kugongewa. Tangu siku ile hakikuwa kimya tena kwake. Kila palipotulia, alisikia mtu anaita kwa ulimi mzito na hasikiwi.

"Uliniita sana," alisema. Hakuwahi kulitamka kwa mtu. "Uliniita na mimi sikusikia. Nisamehe, Baba Careen."

Nathanaeli alifumbua macho. Alitikisa kichwa.

"Siku... kuita."

"Uliniita. Uligonga na fimbo, nikawa mbali."

"Hapana." Akapumzika. "Fimbo... niliweka."

Ilichukua asubuhi nzima kutoka kwake, neno na pumziko, neno na maji kidogo, na mengine Rogathe aliyakisia akayasema yeye, mzee akakubali au akakataa kwa macho. Haja ilimshika jua likiwa bado chini. Aliichukua fimbo. Aliinua mpaka dirishani. Kisha akamwona pale ukutani, mgongo umetulia, na mkono unapiga goti. Miaka thelathini alikuwa akiuona mkono ule ukipiga goti. Alijua ni saa gani. Akaishusha fimbo taratibu isigonge kitu, akaiweka kitandani, akasubiri. Alipoona hawezi kusubiri zaidi, akalitazama beseni, akaona ni hatua tatu tu, na kwamba fundi aliyepandisha mawe milima yote hii hawezi kushindwa na hatua tatu. Hata alipoanguka hakutoa sauti. Alilala sakafuni anasikiliza, labda atasikia kidogo.

Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umepanda. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amekaa na jambo hili kifuani wiki zote hizi, katikati ya wageni na Esta na kijiko, kama mtu mwenye zawadi anayesubiri watu watoke ampe mwenyewe.

"Wimbo," alisema. "Niimbie."

Rogathe aliutafuta. Aliuita kwa nguvu zake zote, akarudi kwenye jiwe la kijani, kwenye ukungu, kwenye kiganja na goti, na hakukuwa na kitu ila maneno yale machache ya mlima na jiwe, yamekauka. Nyonga imevunjika, mgongo unaoza, mtu wake anakufa, na kile kilichonunuliwa kwa vyote hivyo aliuma midomo akakiacha kifie kwenye benchi la hospitali.

Alifungua kinywa akaimba. Aliuchukua wimbo wao wa zamani wa mavuno, uliotungwa mwaka Careen alipopata kipaimara na kusahauliwa na wengi, akaupunguza mwendo, akaubadilisha maneno ya mwanzo, mlima ulikuwa jiwe, na yaliyofuata akayaokoteza palepale. Hakuthubutu kumtazama usoni, aliutazama mkono wake wa kushoto juu ya blanketi.

Vidole viliinuka. Ubeti wa kwanza vilisubiri. Kilipokaribia kiitikio vikaanza kushuka na kupanda, vikaingia mahali pa besi bila kupapasa, kwenye ile ngazi ya kushuka aliyoibuni yeye mwenyewe miaka mingi iliyopita, vikaifuata sauti tatu, nne. Kisha vikasimama. Vilibaki hewani kidogo, vikarudi kulala juu ya blanketi, na havikuinuka tena mpaka mwisho.

Rogathe aliimba beti zote tatu, kwa sababu hakujua ataacha vipi.

"Mzuri," alisema Nathanaeli. Akatafuta neno la pili, akahangaika nalo kuliko maneno yote ya asubuhi ile. "Mpya."

Akageuzia uso ukutani, polepole, kwa shingo ile iliyobaki na nguvu, na Rogathe akamvutia blanketi mabegani, maana hakuwa na kingine cha kumpa.